Mizabibu ya Dodoma, Migomba ya Igurwa: Mvinyo wa Nani Unahesabiwa Kuwa Mvinyo?

Katika mijadala ya maendeleo ya Kagera kuna hoja inayojirudia, nayo husemwa kwa nia njema. Husemwa kwamba Karagwe na Kyerwa ni nchi ya milima na baridi. Kwamba mvinyo mweupe ulio bora duniani hutoka katika nchi za baridi. Na kwamba, kwa hiyo, vijana wa Igurwa, Nkwenda na Kayanga wangeacha kulalamikia bei ya kahawa wakapanda mizabibu. Nimeisikia hoja hii kwa wanafunzi wangu wanaotoka huko, kwa maofisa wa serikali wenye shauku ya kuleta zao jipya la biashara, na kwa wenzetu walioishi Ulaya wakaona jinsi kilima kimoja chenye mawe kinavyoweza kulisha kijiji kizima kwa chupa elfu chache kwa mwaka.

Sikusudii kuibeza. Nakusudia kuichukulia kwa uzito inaostahili, kuipima, na kisha kuonyesha kwamba inatupeleka kwenye swali kubwa kuliko la mizabibu: kwa nini taifa hili lina sera, utafiti na nafuu ya kodi kwa kileo cha tunda lililoletwa na wageni, ilhali kileo cha tunda letu wenyewe tumekikabidhi kwa mgambo na polisi?

Tuanze na ukweli ulio ndani ya hoja. Ni kweli kwamba baridi ni rafiki wa mvinyo mweupe. Zabibu inapoiva polepole, sukari hupanda huku ukali wake wa asili ukibaki, na harufu yake hukomaa bila kuungua. Ndiyo maana majina makubwa ya mvinyo mweupe ni ya bonde la Mosel nchini Ujerumani, Chablis nchini Ufaransa na Marlborough nchini New Zealand. Ni kweli pia kwamba kuwa karibu na Ikweta si kizuizi kamili, kwa kuwa mwinuko hufanya kazi ambayo latitudo imeshindwa kuifanya. Jirani zetu wa Kenya wanalima zabibu za mvinyo karibu na Naivasha, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900, na mvinyo wao wa Leleshwa umeingia sokoni. Ethiopia nayo inalima zabibu za mvinyo karibu na Ziwa Ziway.

Lakini baridi peke yake haitoshi, na hapa ndipo hoja inapoanza kuchechemea. Mzabibu ni mmea wa nchi zenye majira ya baridi kali, ambapo hulala usingizi kwa miezi kadhaa na kuamka kwa pamoja. Katika nchi za joto la kudumu usingizi huo haupo. Mkulima huulazimisha mmea kwa kuupogoa. Dodoma imeweza kufanya hivyo kwa sababu ya ukame wake. Mvua ya Dodoma ni chache, nayo huja katika msimu mmoja. Miezi mingi ya mwaka ni mikavu, na kwa kupogoa kwa wakati unaofaa mkulima wa Hombolo au Mpunguzi huvuna mara mbili kwa mwaka. Adui mkubwa wa mzabibu ni unyevu unaoleta ubwiri kwenye majani na kuoza kwenye vichala. Dodoma, kwa bahati ya ukame, imemkwepa adui huyo kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Karagwe haina bahati hiyo. Mvua zake huja katika vipindi viwili, vya masika na vya vuli, na katikati yake kiangazi halisi ni kifupi, cha Juni hadi Agosti. Asubuhi za ukungu ambazo mgeni huziona kuwa nzuri kwa picha ni balaa kwa jani la mzabibu. Mkulima atakayepanda huko atalazimika kunyunyiza dawa za ukungu mara kwa mara, kununua nguzo na waya, na kusubiri takriban miaka mitatu kabla ya mavuno ya maana. Sisemi haiwezekani. Nasema gharama yake haijawekwa mezani na wanaoipigia debe.

Kuna jambo la pili, nalo ni la ardhi. Anayeifahamu Kagera anakifahamu kibanja: shamba linaloizunguka nyumba, migomba juu, mibuni katikati, maharage chini, na rutuba iliyojengwa na vizazi kwa samadi na nyasi zilizotandazwa. Kibanja ni chakula, ni benki, ni makaburi ya wazee, ni urithi wa watoto. Mzabibu unataka jua kamili. Hauwezi kukaa chini ya kivuli cha mgomba. Kwa hiyo anayesema "pandeni mizabibu" hasemi ongezeni zao. Anasema ng'oeni kibanja, au nendeni kwenye rweya, zile mbuga za nyasi zenye udongo hafifu ambazo wazee wetu waliziacha kwa sababu. Mgomba hutoa mkungu wake wa kwanza baada ya mwaka mmoja au mmoja na nusu, na machipukizi yake huendelea kwa miongo. Mgomba hausubiri mnunuzi. Soko likianguka, ndizi italiwa. Zabibu ya mvinyo ikikosa kiwanda, mkulima hawezi kuilisha familia yake.

Hili la kiwanda si la kufikirika. Tuitazame Dodoma yenyewe, maana ndiyo shule yetu. Mizabibu ilifika huko kwa mikono ya wamisionari wa Kikatoliki, Bihawana ikiwa miongoni mwa vituo vyake vya mwanzo. Baadaye serikali ikaingia: kikawepo kituo cha utafiti cha Makutupora, likawepo shirika la umma la mvinyo la DOWICO, ikapatikana aina ya zabibu nyekundu inayobeba jina la Makutupora lenyewe, na kwa mvinyo mweupe ikastawi aina ya Chenin Blanc. Shirika la umma likafa kama yalivyokufa mengi ya wakati wake. Vikaja viwanda binafsi, kikiwemo cha CETAWICO huko Hombolo. Hata hivyo, kwa miaka mingi kilio cha mkulima wa zabibu kimekuwa kilekile: mavuno yanafika kwa pamoja, viwanda ni vichache, matangi yamejaa, bei inapangwa na mnunuzi, na zabibu inaozea shambani. Kama Dodoma, yenye hali ya hewa inayofaa, utafiti wa miongo na barabara kuu inayopita mlangoni, imesumbuka hivyo, Igurwa itapona kwa dawa gani?

Na sisi wa Kagera hatuna haja ya kufundishwa maana ya kumtegemea mnunuzi mmoja. Tunayo kahawa. Tunalo neno "butura", ule utaratibu wa mkulima mwenye shida ya ada au ya matibabu kuuza kahawa yake ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa mtu mwenye fedha taslimu. Serikali imeukemea mara nyingi; vyama vya ushirika, kikiwemo KDCU cha Karagwe, vimejengwa ili kuuzuia; bado upo, kwa sababu shida ya ada haisubiri mnada. Zao linalouzwa likiwa ghafi, kwa mlango mmoja, huzaa butura ya namna yake. Tukipanda mizabibu bila kumiliki mtambo wa kuichakata, tutakuwa tumebadilisha jina la ua tu.

Sasa nifike kwenye hoja yangu yenyewe. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Karagwe na Kyerwa zina tunda lenye sukari nyingi, linalopatikana mwaka mzima, linalolimwa na karibu kila kaya, na lina ufundi wa kuligeuza kuwa kileo uliokuwepo kabla ya John Hanning Speke kufika katika jumba la Mukama Rumanyika mwaka 1861. Tunda hilo ni ndizi, na kileo chake ni rubisi.

Tuutazame ufundi huo kwa jicho la mhandisi, si kwa jicho la ofisa anayewinda wavunja sheria. Ndizi za kukamulia huivishwa kwa joto na moshi, huménywa, huwekwa kwenye mtumbwi wa mti, hukanyagwa au kukandwa pamoja na nyasi ambazo hutenganisha maji na makapi. Yanayotoka ni omuramba, maji matamu ambayo hata mtoto hunywa. Huongezwa maji kiasi, na unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa kwa majani ya mgomba, na baada ya siku moja au mbili hamira ya asili imekwisha kufanya kazi yake. Mlinganishe mtu huyu na mtengenezaji wa mvinyo mweupe wa Ulaya. Yeye pia hukamua tunda lake na kutenga maganda kabla ya kuchachusha, jambo ambalo ndilo hasa linaloufanya mvinyo mweupe kuwa mweupe. Yeye pia hutegemea hamira kula sukari na kutoa kileo. Tofauti ni nne: huacha maji ya tunda yatulie na kuchujwa, huchachusha katika chombo kilichofungwa ili hewa isiingie, hudumisha ubaridi, kwa kawaida kati ya nyuzi 12 na 18 za Selsiasi, ili harufu isipotee, na huzuia bakteria wa siki kabla ya kufunga chupa. Kwa kukosa hatua hizo nne, rubisi hudumu siku chache tu, kisha huchacha na kumwagwa, na mauzo yake hayawezi kuvuka kijiji cha pili.

Hatua nne. Chujio, pipa lenye kifuniko, chumba cha baridi na usafi wa kipimo. Usiku wa milima yetu tayari unatoa sehemu ya ule ubaridi ambao kiwanda cha Dodoma lazima kiununue kwa umeme. Hapa ndipo baridi ya Karagwe ilipaswa kuingia katika mjadala: kama sifa ya ghala, si kama sababu ya kung'oa migomba.

Msomaji makini atanikatiza: rubisi ina mtama, kwa hiyo ni bia zaidi kuliko mvinyo. Nakubali. Lakini omuramba usiotiwa mtama, ukachujwa na kuchachushwa taratibu, ni mvinyo wa tunda kwa maana yoyote ile. Na si ndoto. Huko Arusha kampuni ya Banana Investments imekuwa ikitengeneza na kuuza mvinyo wa ndizi tangu miaka ya 1990. Sheria zetu za fedha nazo zimetambua jambo hili: mvinyo unaotokana na zabibu za ndani kwa zaidi ya asilimia 75 hutozwa ushuru wa bidhaa ulio chini kuliko ule wa mvinyo wa kutoka nje, na nafuu ya namna hiyo imetolewa pia kwa mvinyo wa matunda mengine ya ndani, ndizi ikitajwa. Mlango wa kodi, basi, umefunguliwa. Kwa nini hakuna anayeingia kutoka Karagwe?

Jibu liko katika milango mingine. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliitenga "pombe ya kienyeji" katika kundi lake, na kundi hilo limebaki kuwa la vilabu, saa za kuuzia na ushuru wa halmashauri. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 ilizuia uchenjuaji wa pombe kali bila leseni. Zote mbili zilikuwa na sababu. Lakini kwa zaidi ya nusu karne zimetufundisha kuitazama pombe ya mwananchi kama tatizo la ulinzi na usalama. Anayetaka kuvuka kutoka klabu kwenda kwenye chupa hukutana na leseni ya kiwanda, viwango vya TBS, usajili wa kodi, na tangu mwaka 2019 stempu za kielektroniki. Kila kimoja kimetungwa kwa kipimo cha kiwanda kikubwa, na huduma nyingi hupatikana mbali na kijiji. Kwa mtu wa Igurwa mwenye mapipa matatu, gharama ya kuhalalishwa ni kubwa kuliko thamani ya mapipa yenyewe. Anachagua kubaki klabuni, na akibanwa na ada ya mtoto, anachemsha gongo usiku.

Hapo ndipo penye uzito wa suala hili. Kazi ya kukamua kwa desturi imekuwa ya wanaume, lakini kuuza, na mara nyingi kuchemsha gongo, kumeangukia kwa wanawake, wajane hasa. Wengi wa wanafunzi wa Kagera waliofika chuo kikuu, kama watasema ukweli, wamesomeshwa kwa kahawa mwezi Julai na kwa rubisi miezi iliyobaki. Ni fedha hizo hizo ambazo mama akikamatwa nazo huitwa ushahidi. Tumeandaa hafla za kusifu mvinyo wa Dodoma kama fahari ya taifa katika meza za viongozi, huku mwenzake wa ndizi akimwagwa shimoni mbele ya kamera. Sioni tofauti ya kikemia inayostahili tofauti hiyo ya hadhi. Naona tofauti ya historia: mmoja ulibarikiwa na misheni na dola, mwingine uliitwa wa kienyeji.

Nisieleweke vibaya. Pombe inaua, na sina nia ya kuipamba. Gongo inayochemshwa bila kipimo inaweza kubeba sumu, na inayochanganywa na kemikali za viwandani ni kifo. Mwaka 2010 wilayani Kabale, Uganda, si mbali na mpaka wetu, watu wapatao 80 walifariki kwa kunywa pombe iliyokuwa na methanoli. Serikali yetu ilikuwa na sababu za msingi ilipopiga marufuku pombe ya viroba mwezi Machi 2017. Lakini tazameni mantiki: hatari hizi huzaliwa gizani. Kinywaji kilichochachushwa, kilichopimwa, chenye lebo na kiwango cha kileo kilichoandikwa, ni salama kuliko kile kilichofichwa kwenye dumu la mafuta. Uganda ilijaribu katikati ya miaka ya 1960 kuwapa leseni wachemshaji wa enguli ili wakiuzie kiwanda cha umma; kinywaji cha kijijini kikawa Uganda Waragi, kinachouzwa hadi nje ya nchi. Mpango huo haukumaliza uchemshaji wa gizani, kwani mwanakijiji alibaki muuza malighafi huku jina na faida vikihamia mjini. Funzo lake ni kwamba uhalali bila umiliki haumtoshi mzalishaji.

Lipo pingamizi jingine ambalo ni zito zaidi kwangu. Ndizi zenyewe ziko hatarini. Mnyauko wa migomba, ambao wakulima wanauita unyanjano, uliripotiwa Kagera mwaka 2006, na aina za ndizi za kukamulia kama kayinja ndizo zinazoambukizwa kwa wepesi, kwa sababu wadudu hubeba bakteria kutoka ua la kiume la mgomba mmoja hadi jingine. Kinga yake ni rahisi na inajulikana: kuondoa ua hilo mapema kwa kijiti chenye panda, kusafisha panga kila baada ya mgomba, kung'oa ulioathirika. Lakini kinga hiyo hufuatwa pale tu mkulima anapoona thamani ya zao lake. Kituo cha utafiti cha Maruku kimefanya kazi ya kuheshimika juu ya migomba. Ndizi ya kukamulia ikipata soko lenye bei, mashamba yatatunzwa. Ikibaki kuwa malighafi ya klabu, itaachwa ife, na ugonjwa utahamia kwenye ndizi za chakula.

Napendekeza basi mambo manne. Kwanza, halmashauri za Karagwe na Kyerwa zitumie mamlaka yao ya kutunga sheria ndogo kuwatenganisha wachachushaji wa mvinyo wa matunda na wachemshaji wa gongo, na kuwapa wa kwanza utaratibu mwepesi wa kuanzia. Pili, Wizara ya Fedha na TBS waweke daraja la mzalishaji mdogo, lenye ada na stempu zinazolingana na mapipa yake, na huduma ya upimaji ipatikane ndani ya mkoa. Tatu, SIDO, Maruku na vyuo vyetu vikuu, kikiwemo Sokoine, vipeleke vijijini maarifa ya zile hatua nne nilizozitaja. Hiyo ni kazi ya mihula miwili kwa darasa moja la sayansi ya chakula. Nne, mtambo uwe mali ya ushirika wa wenye migomba, ili butura isiingie kwa mlango wa nyuma.

Na wale wanaoipenda mizabibu? Waipande. Taasisi ya utafiti itenge ekari moja kwenye rweya ya Karagwe, ijaribu aina kadhaa za zabibu nyeupe kwa misimu ya kutosha, ihesabu gharama ya dawa na mavuno, kisha itangaze matokeo. Serikali ibebe gharama ya jaribio hilo, si kaya maskini. Ninachopinga ni kumtaka mkulima ang'oe mgomba wa babu yake kwa ajili ya ndoto ambayo hakuna aliyeipima.

Kwenu watumishi wa umma mnaosoma makala haya: mara ijayo mtakapoandaa mpango mkakati wa wilaya na kufika kwenye kipengele cha "mazao mapya ya kimkakati", ulizeni kwanza zao la zamani limekosea nini. Kwenu wanafunzi: tasnifu kuhusu uchachushaji wa omuramba haina heshima ndogo kuliko tasnifu kuhusu Chenin Blanc. Kwenu wanaharakati: mtetee haki ya mama huyu ya kuzalisha kihalali kabla ya kumtetea mahakamani, maana akishafika huko amekwisha kupoteza pipa, ndizi na ada ya muhula.